Vidole Vitano Bwawani

Kwa zaidi ya mwaka mzima, kila asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini, baba yangu alilala kifudifudi ukingoni mwa bwawa langu la samaki, akakunja shati, akazamisha mkono wa kulia majini hadi kwenye kiwiko, akainamisha uso karibu kabisa na maji, kisha akapaza sauti: "Vitano vyote!" Nami mlangoni, kikombe cha chai mkononi, nilijibu, "Asante, baba," nikapanda pikipiki nikaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yetu ya asubuhi.

Kipimo hicho alitufundisha bwana samaki, ndivyo tunavyomwita afisa wa uvuvi, kijana mpole mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Alisema maji ya bwawa la sato yanatakiwa kuwa na ukijani kidogo, kwa sababu ule ukijani ni mwani, vijimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja, na ndio chakula cha samaki. Ili uote, unatia samadi ya ng'ombe kwenye kiroba, unakining'iniza kwenye kona ya bwawa. Kiroba kimoja, basi. Halafu kila asubuhi unapima kwa mkono. Ukiuzamisha hadi kwenye kiwiko na bado unaviona vidole vyako, mambo ni mazuri. Vidole vikipotea mapema, ujue samadi imezidi, na mwani utakaoota hapo si wa kuchezea. Maneno haya aliyasema mara mbili. Mimi niliyasikia mara moja, na nilisikia ile sehemu ya kwamba kijani ni chakula.

Bwawa lenyewe nililichimba kwa mikono yangu, nyuma ya nyumba yetu hapa Kambarage, baada ya kurudi kutoka mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Kule nilikuwa fundi wa pampu chini ya ardhi. Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa moja tu: maji yanaingia shimoni, unayatoa. Mkataba ulipoisha nilirudi Shinyanga mjini nikiwa na wazo kwamba sasa ni zamu yangu kuyaweka maji mahali na yakae. Nikachimba. Tatizo ni kwamba mtu aliyezoea chini hajui mahali pa kuacha. Bwana samaki alipokuja kukagua mara ya kwanza alisimama ukingoni, akachungulia, akaniuliza, "Mkuu, hili ni bwawa au ni duara?" Duara ni shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu. Akaniamuru nirudishe udongo mpaka maji yasinipite kiunoni. Kuchimba kulinichukua wiki tatu, kufukia wiki moja, na majirani waliokuja kunitazama nikifukia walikuwa wengi kuliko waliokuja kunitazama nikichimba.

Baba alikuja mwaka huohuo, miezi michache baada ya mama kufariki. Alishuka kwenye basi na begi moja, fimbo yake ya kuchungia, na ng'ombe hakuna. Wale saba waliokuwa wamebaki aliwagawia wadogo zake kijijini. Alisema amechoka kutembea. Msukuma wa umri wake kusema amechoka kutembea nyuma ya ng'ombe ni jambo la kukufanya ukae chini, lakini alikuwa mfiwa, kwa hiyo hatukumhoji. Siku ya pili tu alianza kulalamika kwamba amekuwa mgeni wa kula na kulala.

"Nipe mfugo nichunge," aliniambia.

Nikampeleka bwawani. Alisimama hapo muda mrefu, akiegemea fimbo, uso ameuelekeza majini.

"Wanazaa?" akauliza.

"Wanazaa sana, baba."

"Basi nitawachunga. Wakizaa, nakaa. Wasipozaa, ng'wanawane, mwanangu, narudi kwangu. Siwezi kukaa kwa mtoto wangu nachunga maji."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Kwake kulikuwa na nyumba tupu, zizi tupu, na kaburi la mama ambalo nyasi zake bado hazijaota vizuri. Nilitaka abaki kwangu. Nilitaka sana, na sikuwa na kamba nyingine ya kumfungia zaidi ya wale samaki.

Samaki wazazi niliwanunua Nkome, kule ziwani, kwa mama mmoja mfanyabiashara wa samaki. Majike kumi, madume matatu, wakasafiri hadi Shinyanga ndani ya pipa la bluu huku mimi nimelikumbatia njia nzima. Baba aliwapokea kwa heshima zote. "Mwangaluka," aliwaambia asubuhi ya kwanza, akatulia kidogo kana kwamba anasubiri waitikie. Kisha akaanza kuniuliza maswali ambayo mfugaji yeyote angeuliza.

"Dume ni yupi?"

Nikamweleza kwamba sato dume humjui kwa pembe. Unamjua kwa kazi. Anashuka chini, anasafisha sehemu kwa mkia na mdomo, anachimba shimo la mviringo, halafu anakaa hapo akilinda na kumsubiri jike.

"Kwa hiyo ni mchimbaji."

"Kabisa."

"Na humo shimoni anapata kitu?"

"Anapata mke, baba."

Alifikiri kidogo. "Basi amewazidi wengi wa Geita," akasema.

Nikaendelea kumweleza, na mke wangu naye akasogea na sufuria lake kusikiliza. Jike anataga mayai mle shimoni, dume anayarutubisha, kisha jike anayaokota yote na kuyaweka mdomoni. Anakaa nayo humo siku kumi, wakati mwingine wiki mbili, hali chakula, mpaka vifaranga waanguliwe. Hata wakishaanza kuogelea, wakiona hatari wanakimbilia tena mdomoni mwa mama yao.

"Wiki mbili mdomo umefungwa na njaa juu," mke wangu akasema. "Na baba yao yuko wapi muda wote huo?"

"Anachimba shimo jingine."

Akanitazama tangu juu hadi chini. "Huyo ni wa Bulyanhulu kabisa," akasema, akarudi jikoni.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya furaha tupu. Majike wawili walijaa kidevu, na siku moja mke wangu akapiga kelele kwamba ukingoni kuna vifaranga, wadogo kama kope, wamekusanyika kama mkutano wa mtaa. Baba alitoka mbio na fimbo. Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba ana ndama. Jirani mmoja mgeni mtaani aliuliza ndama wangapi, baba akamjibu hawahesabiki, na yule bwana akaanza kumwamkia kwa kuinama.

Halafu uzazi ukasimama.

Haukusimama ghafla. Jike alikuwa anajaa mdomo siku mbili tatu, halafu unamwona yuko mtupu na anakula kama kawaida. Asubuhi tukawa tunaona vitu vyeupe vidogo vikielea kwenye kona. Mwezi ukapita, ukaja wa pili, ukaja wa tatu. Samaki wenyewe walikuwa wanene, wametulia, pengine wametulia kupita kiasi. Maji yalikuwa kijani cha kupendeza, yanazidi kukolea kila nikirudi jioni, nami nilisimama hapo nikijipongeza kwamba angalau chakula wanacho. Na kila asubuhi baba alitangaza vidole vitano.

Lakini alianza kunyamaza. Mfugaji ana kalenda yake kichwani, hahitaji ya ukutani, na kwenye kalenda ya baba siku za kuzaa zilikuwa zimepita. Jumapili moja nilipita chumbani kwake nikaona begi lake liko kitandani, nguo zimekunjwa pembeni.

"Napanga tu," alisema. "Zilikuwa zimekaa vibaya."

Hapo ndipo hasira zangu zilipoanza kutafuta mtu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na ufundi wa pampu umenizidishia: kitu kikigoma, lazima kuna sehemu mbovu, na sehemu mbovu unaing'oa. Baba alinishauri kama mtaalamu. "Majike kumi wasipozaa, usigombane na majike. Badili dume." Nikabadili. Nikaleta dume jipya, jeusi, lenye kifua, likachimba mashimo manne wiki ya kwanza kana kwamba linalipwa kwa shimo. Hakuna kitu. Nikalaumu bata wa jirani. Nikalaumu spika za kwaya ya kanisa la jirani, nikaenda hata kuongea na mwalimu wa kwaya, akaniambia kwaya yake imewahi kulaumiwa kwa mengi ila hili ni jipya. Mwisho nikabaki na mtu mmoja wa kumlaumu, nikapanda basi kwenda Nkome.

Nilimkuta yule mama ufukweni, anageuza dagaa juani, yeye na wenzake wanne. Nilikuwa nimebeba jike mmoja aliyekufa, amelala kwenye barafu ndani ya ndoo. Nikaiweka ndoo mbele yake.

"Mama, shikamoo. Wazazi ulioniuzia ni tasa."

"Marahaba, baba. Umeniletea samaki au umeniletea kesi?"

"Nimeleta ushahidi."

Akachungulia ndoo, akawatazama wenzake. "Mwanaume katoka Shinyanga na maiti kwenye barafu kuja kumshitaki mkwe," akasema, na wale wanawake wakacheka hadi mmoja akakaa juu ya dagaa. Nilikasirika. Nilianza kueleza habari za dume jipya na mashimo manne, jambo ambalo halikusaidia kupunguza kicheko.

Alipomaliza kujifuta machozi, akauliza, "Maji yako yana rangi gani?"

"Kijani. Kijani safi kabisa."

"Kijani kama nini?"

Nikafikiri. "Kama rangi ya kupaka geti."

Hapo akaacha kucheka. Akanielekeza upande wa kushoto, kwenye kighuba kidogo penye maji yaliyotulia. Kulikuwa na utando wa kijani umelala pembeni mwa mawe, mzito, una michirizi kama mtu amemwaga kopo. Alisema siku za joto bila upepo ule utando unajikusanya hivyo, na wavuvi wao hawategi hapo. Sato wanaozalia hapo huwa wanahama, na wasiohama ukiwapasua unakuta mayai yameharibika tumboni.

"Sisi hatujasoma," akasema, "ila jike hazalii mahali pachafu. Nenda kaangalie maji yako."

"Maji yangu yanapimwa kila siku," nikamjibu, nimejaa kiburi hadi shingoni. "Baba yangu mwenyewe anayapima. Vidole vitano, mpaka kwenye kiwiko."

"Kwenye maji ya rangi ya geti?"

"Ndiyo."

"Basi baba yako ana macho kuliko kamera," akasema, akarudi kwenye dagaa wake.

Njia nzima nilikuwa natunga majibu ambayo ningempa. Nilipofika Shinyanga nilikuwa nayo mazuri kama sita. Pia nilikuwa na kipakiti cha mrututu, ile dawa ya bluu, kwa sababu abiria mwenzangu alikuwa ameniapia kwamba ukiimwaga kwenye maji ya kijani, kesho yake yanakuwa meupe kama ya chupa. Nilishaanza kufungua pakiti ukingoni mke wangu aliponinyang'anya.

"Humwagi kitu hapa mpaka bwana samaki aje," akasema. "Dume umebadili, kwaya umegombana nayo, mama wa watu umemfuata mpaka ziwani. Kilichobaki ni kuuliza." Simu akapiga yeye, maana mimi nilikuwa bado na yale majibu sita.

Bwana samaki alikuja Jumamosi asubuhi. Alimwamkia baba, baba akaitikia, akajisogeza kumpisha kama mwenye zizi anavyompisha daktari wa mifugo. Kijana alichuchumaa, akanusa, akachovya kijiti pembeni penye utando. Kijiti kikatoka na rangi. Sikuwa nimewahi kuona hilo, kwa sababu sikuwa nimewahi kuchovya kijiti. Kisha akakunja shati na kuzamisha mkono wake. Kiganja kilipotea kabla ya kifundo cha mkono kulowa.

"Nani anapima hapa?" akauliza.

"Mimi," baba akasema kwa fahari. "Kila siku ya Mungu."

"Hebu nioneshe, mzee."

Baba akalala kifudifudi, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akainamisha uso. Mimi nilikuwa nimesimama juu yake. Niliona kiwiko chake, niliona maji, na baada ya maji sikuona kitu. Mkono wa baba ulikuwa umeishia kwenye rangi ya geti.

"Vitano vyote!" baba akatangaza.

Bwana samaki akanitazama. Mimi nikatazama ukuta wa jirani. Kijana akamsaidia baba kuketi, akamfuta mkono kwa kitambaa chake mwenyewe, halafu taratibu, bila kusema anafanya nini, akanyanyua vidole vyake viwili mbele ya uso wa baba, hatua moja tu, kwenye jua kali la saa tatu.

"Na hapa, mzee, ni vingapi?"

Kuku walipita. Mke wangu aliacha kufagia.

"Kijana," baba akasema mwishowe, "umekuja kupima maji au kunipima mimi?"

"Maji, mzee. Samahani."

"Vidole vyangu nimezaliwa navyo. Sihitaji kuviona ili nijue viko vitano."

Mke wangu alicheka, kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, akajiziba mdomo kwa khanga. Na baba, badala ya kukasirika, naye akacheka, kidogo tu, kama mtu aliyeshusha mzigo asiotaka mtu ajue alikuwa nao. Mimi ndiye pekee niliyeshindwa kucheka.

Kijana akachukua wavu, akamnasa jike mmoja aliyejaa kidevu, akamfungua mdomo juu ya kiganja chake. Mayai mazuri ya sato ni ya manjano, alisema. Haya yalikuwa meupe, yamelegea kama wali uliolala. Akatueleza kwa lugha tuliyoielewa. Samadi ikizidi, jua likawaka, na maji yakakaa bila kutikisika, kuna aina moja ya mwani inayowashinda wenzake wote na kutawala bwawa. Huo una sumu. Samaki anaweza asife, anaweza hata kunenepa. Lakini sumu inaingia kwenye ini, na ini la jike ndilo linalotengeneza kiini cha yai. Kwa hiyo anataga, anaokota, anafunga mdomo na kushinda njaa, halafu yai halina nguvu ya kuanguliwa. Na hata mbegu za dume zinadhoofika. Kwa macho tu hawezi kuapa, akasema, ataipeleka chupa ya maji ikapimwe, ila kwa hali anayoiona tusile hawa samaki kwa sasa na kuku wasinywe hapo. Majibu yalipokuja baadaye yalikuwa hayohayo aliyotuambia. Alipoona kipakiti cha mrututu akakitia mfukoni mwake moja kwa moja. Alisema ningekimwaga, ule mwani ungepasuka wote kwa mpigo na sumu yote ingemwagika majini siku moja.

"Samadi mnaweka kiasi gani?" akauliza.

"Kiroba kimoja," nikasema.

Baba akakohoa.

Ikajulikana hapo. Mtaa wa tatu kutoka kwetu kuna mzee mwenzake anayefuga ng'ombe watano. Baba alikuwa anatoka alfajiri kwenda kuwaamkia wale ng'ombe. Alikuwa anawapapasa mgongo, ananusa zizi, anaongea mawili matatu na mwenzake, na akirudi anarudi na ndoo ya samadi. Kwetu samadi si uchafu. Mtu akiwa na samadi nyingi unajua ni mtu. Kwa hiyo aliimwaga bwawani kwa mapenzi yote. Na uzazi uliposimama, akafanya anachofanya mfugaji yeyote mwenye huruma mfugo ukikonda: akaongeza chakula. Ndoo moja ikawa mbili. Kadiri walivyoshindwa kuzaa ndivyo alivyozidi kuwahurumia.

Mchana ule alikuwa anafunga begi, na safari hii hakusema anapanga. Nikaketi kitandani pembeni yake.

"Tangu lini, baba?"

Akaniambia. Mwaka uliotangulia kuja kwake kwetu, kabla mama hajafariki, jioni moja aliswaga ng'ombe kutoka malishoni hadi nyumbani, akawaingiza zizini, akafunga. Mama akatoka kukamua. Akamwambia, mzee, hawa si wetu. Alikuwa ameleta ng'ombe wa mtu mwingine, wote, na wa kwake amewaacha huko porini. Kabla hajajieleza, mwenye ng'ombe alishafika na vijana wenye marungu. Mama ndiye aliyemwokoa, kwa kusema kwamba mumewe alikuwa amelewa. Baba hajawahi kuonja pombe maishani mwake, na tangu siku hiyo kijiji kizima kilimwita mlevi, naye akakubali, kwa sababu ulevi ulikuwa afadhali.

"Mfugo umeacha kuzaa," akasema akivuta zipu. "Tulikubaliana."

Ningependa kuandika kwamba nilisema maneno ya busara. Nilichofanya ni kulivuta lile begi, naye akalivuta, tukawa watu wazima wawili tunavutana begi kitandani. Nilikuwa na aibu kali. Yeye alidanganya kwa sababu haoni. Mimi naona, macho yangu yote mawili mazima, na kwa mwaka mzima nilisimama na chai mlangoni nikipokea taarifa. Sikuwahi hata siku moja kulala kifudifudi na kulowesha shati langu. Nikamwambia hivyohivyo.

"Na zaidi ya hapo," nikasema, "mfugo umeacha kuzaa kwa sababu ya maji. Maji ni kazi yangu. Samadi yako ilikuwa kosa moja tu, maji ni yangu yote. Mimi ndiye fundi wa pampu hapa."

Akaacha kuvuta. "Na wakati wewe unatengeneza maji, mimi nafanya nini?"

"Unakwenda hospitali wakuangalie hayo macho."

"Walishaniangalia zamani. Walisema nina mtoto wa jicho." Akasikitika kwa kichwa. "Majike wote hawa hawapati hata mtoto mmoja, mimi mzee ndiye ninaye."

Tukacheka hapo kitandani mpaka mke wangu akaja kuuliza nani amekufa.

Kazi ya maji ilinichukua wiki nyingi. Kiroba kilitoka, samadi ikakoma, utando tukauopoa kwa chandarua cha zamani. Nusu ya maji niliyatoa kwa pampu, nikajaza ya kisima, nikatoa tena, nikajaza tena. Bwana samaki alisema maji yale machafu yasiende kwenye mboga wala njia ya mifugo, yachimbiwe shimo mbali, refu. Aliposema "refu" nadhani macho yangu yaling'aa. Nilichimba duara ambalo hata Bulyanhulu wangeniajiri tena kwa kuliona, na mara hii hakuna aliyeniambia nifukie.

Baba alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza. Siku walipomfungua kitambaa alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe umezeeka." Mke wangu alipoingia akamwambia kwamba kwa ile sauti alitegemea mtu mnene. Tulipomfikisha nyumbani akanyoosha moja kwa moja hadi bwawani, akasimama, akalizunguka mara moja, hatua chache tu zikaisha.

"Ndilo hili?" akauliza. "Kwa kelele zako nilidhani ni ziwa."

Alianza tena kupima, na safari hii nililala naye pale ukingoni, mkono wangu pembeni ya wake, shati limelowa. Kulikuwa na asubuhi nyingi ambazo alisema, "Sivioni," nami nikasema, "Hata mimi," tukaamka na kwenda kunywa chai. Begi lake lilikuwa bado chini ya kitanda, limefungwa zipu. Sikulitaja.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, katikati ya wiki, na nilikuwa tayari nimechelewa kazini. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Baba akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatazama, akaendelea kutazama hadi nikamgeukia.

"Vitano," akasema. "Na kucha zinatakiwa kukatwa."

Hakuutoa mkono. Nikaona anachokitazama. Kutoka upande wa kivuli alikuwa amekuja jike mmoja, kidevu kimevimba, akasimama karibu na vidole vya baba akivichunguza. Kisha akafungua mdomo, na vifaranga wakatoka, wengi, wadogo kama kope, wakaanza kuvigusagusa vile vidole kimoja kimoja. Baba hakupumua. Kuku mmoja alipita ukingoni na kivuli chake kikaanguka majini, na vifaranga wote wakarudi mdomoni kwa mkupuo, jike akafunga, akaondoka zake.

"Umeona?" nikamwuliza.

"Nimeona," akasema. Alikuwa analia, na hakuficha. Machozi yalikuwa yanadondoka majini, nami nikaona ni afadhali nisimtazame. Baada ya muda akajifuta kwa bega, mkono bado uko ndani.

"Nenda kazini, unachelewa," akaniambia. "Hawa waache. Mimi nipo."